Ramani Haijakosea, Simu Yako Ndiyo Hujaipanga

Wiki iliyopita kijana mmoja alipanda ngazi hadi ofisini kwangu hapa Posta, akaikunjua mezani ramani kuukuu ya Udzungwa ya 1:50,000. "Mzee, hii wamechora vibaya. Kambi yetu ilikuwa juu mgongoni, yenyewe inaniweka bondeni." Ni wa nne mwaka huu, na wote huja na neno hilo hilo: ramani ya zamani haiaminiki.

Ramani ilikuwa sawa. Ramani hizi zimejengwa juu ya datumu, yaani msingi wa kupimia mahali duniani, iitwayo Arc 1960. Simu yake inasoma WGS84, datumu ya GPS. Dunia ni ile ile, ila imepimwa kwa umbo na kitovu tofauti. Kwa mahali pale pale, namba ya kaskazini ya WGS84 huwa pungufu kwa takribani mita 300, na ya mashariki huzidi kwa karibu mita 90. Ukizipachika hivyo hivyo, umejisogeza kusini mwenyewe, kisha unamlaumu mchoraji. Nikamwekea rula: mita 300 kwenye ramani hiyo ni milimita sita. Hapa mjini mita hizo ni matembezi mafupi kutoka kituo cha daladala. Udzungwa ni upande wa pili wa mlima.

Panga kifaa chako kiwe Arc 1960, na gridi ya UTM kanda ya 37 Kusini, kabla hujatoka nyumbani. Nilitaka kumwonyesha hayo yalivyochapwa pambizoni, kumbe pambizo ameikata ili ramani ienee kwenye fremu! Jamani, msikate pambizo. Afadhali mkate picha za harusi.

Tulipogeuza namba, kambi ikapanda mgongoni, pale pale alipolala.

Wale wanaosaka mali zilizofukiwa na Mjerumani nao: pembetatu yenye nukta katikati si hazina. Ni kituo cha upimaji, na ukichimba utakuta zege la bikoni, alama ya upimaji, ambalo sisi wapimaji bado tunalihitaji. Isitoshe, nyingi ya ramani hizo zilichorwa kwa picha za ndege, Mjerumani keshaondoka zamani.

Njia za miguu msizitegemee, msitu umeshazimeza. Kontua, ile mistari ya kimo, ndizo za kuamini, ila soma kwanza kama ni futi. Kuna bwana aliona 8,000 akaniambia Udzungwa inaipita Kilimanjaro yenye mita 5,895. Luhombero, kilele chenyewe, ni mita 2,576.