Vya kubeba garini kabla ya kuacha lami

Karibu kila anayeniletea gari nimwandalie kwa safari ya porini huanza na swali moja: "Fundi, nifunge winchi gani?", yaani ile mashine ya kulivuta gari kwa kamba. Nami humuuliza kama ana kipimo cha upepo. Wengi hawana. Gari lina bampa la chuma, taa nne juu ya paa na matairi mapya yenye meno makali, lakini kile kifaa kidogo cha kuingia mfukoni, cha kumwambia tairi lina upepo kiasi gani, hakimo. Nimekwamua magari mengi kwenye mchanga na matope, na sehemu kubwa ya magari hayo yangetoka yenyewe kama dereva angepunguza upepo kabla hajaanza kuhangaika. Ndiyo maana mimi huanza kupakia kwa kulifikiria tairi.

Gari la 4x4 la kawaida hutembea lami likiwa na psi (kizio cha kupimia msukumo wa upepo) 32 hadi 36 kwenye kila tairi. Ukifika mchanga laini, shusha hadi 18 au hata 16. Sehemu ya tairi inayogusa ardhi hurefuka, uzito wa gari hutawanyika, na tairi huelea juu ya mchanga badala ya kujichimbia kaburi. Kwenye njia ya mawe, psi 25 au 26 humfaa dereva wa gari lisilo na mzigo mkubwa, kwa sababu tairi lililolegea kidogo hulikumbatia jiwe badala ya kugombana nalo. Gari lililosheheni linahitaji upepo zaidi ya huo. Chini ya 15 mimi hushuka pale tu nimekwama kweli, kisha naendesha polepole bila kukata kona kwa ghafla, kwani tairi laini huweza kuchomoka kwenye ringi.

Upepo uliotoa lazima uurudishe kabla ya kukimbia lamini. Tairi laini kwenye mwendo kasi hukunjika na kukunjuka bila kupumzika, likapata joto, likapasuka. Kwa hiyo kompresa si anasa. Chagua inayobanwa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Zile ndogo za kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari zinategemea fyuzi nyembamba, na kwa tairi kubwa utasubiri mpaka jua lizame. Kabla ya safari, toa upepo matairi yote manne nyumbani, kisha yajaze mfululizo huku injini ikiunguruma. Kompresa dhaifu itazimika kwa joto kwenye tairi la pili au la tatu. Afadhali ikuonyeshe udhaifu huo ukiwa uani kwako.

Pembeni ya kompresa weka vifaa vya kuziba pancha: msumari wa kukwangulia tundu, sindano kubwa yenye jicho, tambi za mpira na gundi yake. Usiuchomoe msumari uliotoboa tairi kabla hujavisha utambi kwenye sindano, maana upepo wote utakimbia ukiwa bado unatafuta tambi mkobani. Chomoa, kwangua tundu, sukuma utambi hadi ncha zake mbili zibaki nje kidogo, vuta sindano kwa nguvu, kata mabaki. Pakaza maji ya sabuni uone kama kuna mapovu. Njia hii ni ya tundu la kwenye meno ya tairi. Ubavu ukichanika, funga tairi la akiba. Beba pia viini viwili vitatu vya valvu na kifunguo chake. Ni vitu vidogo sana, na kimoja kikiharibika tairi zima halina kazi.

Tairi la akiba lenyewe watu hulisahau. Likining'inia chini ya tumbo la gari, literemshe angalau mara moja kabla ya safari, kwa sababu ule mnyororo au waya wake hukamatwa na kutu na tope lililokauka. Lipime upepo. Kama nati zako zina kufuli, hakikisha ufunguo wake umo garini na mahali pake unapajua. Kuhusu jeki, napendelea ile ya haidroliki iliyo kama chupa, pamoja na kibao kizito cha mraba, upande sentimita 30 hivi, cha kuweka chini yake. Bila kibao, mchangani jeki huzama yenyewe huku gari likibaki pale pale. Jeki ndefu ya kuinulia bampa ina nguvu na ina sifa nyingi, lakini simshauri mgeni wa kazi hii aibebe. Mpini wake ukikuponyoka hurudi kwa kasi inayoweza kuvunja taya, na gari lililo juu yake huyumba kwa kuguswa tu.

Sasa tuje kwenye kukwama. Cha kwanza ni beleshi. La mpini mrefu ni bora kwa sababu unafika chini ya tumbo la gari bila kulala kifudifudi. Gari likilalia tumbo, hata injini kubwa haisaidii. Chimba hadi matairi yabebe uzito tena, kisha chimba mteremko mfupi mbele ya kila tairi. Cha pili ni jozi ya vibao vya plastiki ngumu vyenye meno. Visukume vizuri chini ya tairi, weka gia nzito, kanyaga mafuta taratibu. Ukizungusha tairi kwa hasira meno ya kibao yanayeyuka, na kibao kinaweza kurushwa nyuma kumpiga aliyesimama hapo. Upepo, beleshi na vibao: kwa hivyo vitatu mtu aliye peke yake hujitoa mara nyingi sana.

Kuvutwa na gari lingine ndiko kunakoniogopesha, na hapa naomba usome polepole. Kuna mkanda wa kukokotea, ambao hauvutiki, na kuna mkanda wa nailoni unaovutika, ambao hurefuka kwa karibu asilimia 20, ukahifadhi nguvu kama manati na kulichomoa gari lililozama. Ukitumia mkanda usiovutika kwa kurukia mbele, unavunja kitu. Ukitumia minyororo kwa namna hiyo, ni hatari zaidi. Mkanda unaovutika uwe na uwezo wa kubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa gari jepesi kati ya hayo mawili. Mwembamba mno utakatika, mnene mno hautavutika.

Mkanda huo ufungwe kwenye ndoano au pete zilizotengenezwa kwa ajili ya kukwamulia na kufungwa kwenye chesisi. Usiufunge kamwe kwenye kile kifundo cha chuma cha kuvutia trela. Kifundo hicho kimeundwa kwa mzigo unaokokotwa taratibu, si kwa mshtuko. Kikikatika huruka kama risasi kikiwa kimefungwa kwenye mkanda uliokaza. Niliwahi kuona kioo cha nyuma cha gari kilichopitiwa na chuma cha namna hiyo. Kiti kilichokuwa mbele yake kilikuwa kitupu siku ile, na hadi leo nikifunga mkanda nakikumbuka kile kiti. Watu wamekufa kwa kosa hili katika nchi nyingi.

Kwa kuunganishia, beba pingu za chuma zenye umbo la kiatu cha farasi, zilizochapwa uwezo wake juu yake. Inayotumika sana kwa magari ya ukubwa wa kati ni ya tani 4.75. Isiyoandikwa uwezo, iache dukani. Siku hizi zipo pingu za kamba ya sintetiki, nyepesi kiasi cha kutoumiza sana zikiruka, nami nazipenda kwa sababu hiyo. Tandika koti zito au blanketi katikati ya mkanda ili ukikatika uanguke chini. Wasio na kazi wasimame mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa mkanda, na asimame mtu kando, asiwepo yeyote kwenye mstari wa kuvuta.

Winchi sasa. Uwezo wake uwe angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limepakia. Ujue kwamba nguvu iliyoandikwa hupatikana pale tu kamba imebaki tabaka la chini kabisa kwenye pipa, na kila tabaka linaloongezeka hupunguza nguvu. Ndiyo maana kapi moja ni ya thamani kuliko winchi kubwa zaidi: ukiipitisha kamba kwenye kapi na kuirudisha garini, mvuto unakaribia mara mbili na mwendo unapungua nusu. Ongeza mkanda mpana wa kuzungushia mti ili usiukate gome, na glavu nene za ngozi.

Vifaa vya ufundi sivipakii kwa wingi. Lala chini ya gari lako na spana, ujue nati zake ni za ukubwa gani, kisha beba hizo. Magari mengi ya Kijapani yataomba 10, 12, 14, 17 na 19. Ongeza bisibisi, plaizi, nyundo, waya laini wa kufungia, vibano vya mipira ya rejeta, mkanda wa silikoni unaojishika wenyewe, fyuzi za kila ukubwa uliomo garini na gundi ya kukandwa ya kuzibia chuma. Feni belti na mipira ya rejeta uliyoitoa kwenye matengenezo ikiwa bado mizima, iweke kama akiba. Kwa dizeli, chujio jipya la mafuta, kwani dumu moja la mafuta machafu hulizima gari zima. Nyaya za kuazimia chaji ziwe nene. Tochi iwe ya kuvaa kichwani, mikono ibaki huru.

Gari linaweza kusubiri siku tatu; watu hawawezi bila maji. Hesabu lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na zaidi penye joto, yakiwa kwenye madumu mawili au matatu ili moja likipasuka msikaukiwe. Mkoba wa huduma ya kwanza uwe na bandeji za kukandamizia damu na mkanda wa kukaza mguu au mkono unaovuja damu nyingi, na mjifunze kuutumia. Mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu ukae karibu na kiti cha dereva. Penye nyasi ndefu simama kila mara uchungulie chini, maana nyasi kavu hujikusanya juu ya ekzosi yenye joto, na moto wa namna hiyo hauchelewi. Simu itaishiwa mtandao, kwa hiyo chukua ramani ya karatasi, na ukiweza, kifaa cha dharura kinachorusha ishara ya megahezi 406 kwa setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa kutafuta na kuokoa watu. Na mwachie mtu nyumbani njia mnayopita pamoja na saa mnayotarajia kurudi.

Upangaji nao una kanuni. Vizito chini na katikati ya ekseli mbili, vyepesi juu. Gari lenye mzigo wa paa hupinduka kwa urahisi kwenye mteremko wa ubavu. Kila kitu kifungwe. Jeki isiyofungwa, gari likibingirika, humfuata abiria kichwani. Beleshi, kipimo cha upepo na mkanda vikae mahali pa kufikiwa bila kushusha mabegi, maana ukikwama katikati ya tope mlango wa nyuma huenda usifunguke.

Usiku wa kuamkia safari huzima taa za garini, nikamwomba kila abiria anitafutie gizani mkoba wa huduma ya kwanza, mtungi wa moto na tochi. Asiyevipata, tunavihamisha mpaka avipate.