Ushiriki wa timu ya roboti ya sekondari katika jamii: maana yake nini?

Timu ya roboti ya sekondari ni kundi la wanafunzi wanaobuni roboti ya mashindano, wakaiunda na kuiandikia programu, wakisaidiwa na walimu pamoja na wahandisi wanaojitolea. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanaacha nje sehemu kubwa ya kazi. Timu nyingi zilizokomaa hutumia muda mwingi nje ya karakana: zinawafundisha watoto wa shule za msingi, zinarekebisha vifaa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, zinazishika mkono timu changa mpaka zisimame. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa ushiriki wa timu katika jamii. Wapo wanaoiona kuwa nyongeza ya kupendezesha ripoti. Kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo shabaha yenyewe, na roboti ni njia ya kuifikia.

Historia inaunga mkono mtazamo huo. Mwaka 1989 mvumbuzi wa Marekani, Dean Kamen, alianzisha FIRST, shirika linaloendesha mashindano ya roboti kwa vijana. Hoja yake ilikuwa kwamba vijana hufuata kile ambacho jamii inakishangilia. Wakiona wanamichezo na wasanii peke yao ndio wanaopigiwa makofi, huko ndiko watakakopeleka ndoto zao. Basi uhandisi nao upewe uwanja, watazamaji na vifijo. Aliyemsaidia kuipa hoja hiyo umbo ni Woodie Flowers, profesa wa uhandisi wa mitambo wa chuo cha MIT, ambaye tayari alikuwa akiendesha somo ambamo wanafunzi walipewa vipuri vya namna moja, kila mmoja akaunda mashine yake, kisha mashine zikashindanishwa. Mashindano ya kwanza ya FIRST kwa sekondari yalifanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule moja ya Manchester, New Hampshire, yakiwa na timu 28. Leo timu za mashindano hayo ni maelfu, na zinatoka nchi nyingi.

Flowers ndiye pia aliyesambaza msimamo ambao umekuwa roho ya mashindano haya: shindana kwa nguvu zako zote, lakini mheshimu na umsaidie unayeshindana naye. Msimamo huo haukuachwa uelee kama nasaha tu, kwani hata muundo wa mechi unausukuma. Katika ngazi ya sekondari, timu tatu hushirikiana dhidi ya nyingine tatu kwa muda wa takriban dakika mbili na nusu, na katika raundi za awali washirika hubadilika kila mechi. Unayepambana naye asubuhi anaweza kuwa upande wako mchana. Kwa hiyo timu ikipoteza mota au betri, tangazo hutolewa, na si ajabu kifaa kikaletwa na wapinzani wake. Mwanafunzi aliyezoea hali hiyo hapati shida kuelewa kwa nini anaombwa kwenda kufundisha shule jirani.

Kisha kuna tuzo. Tuzo ya juu kabisa katika mashindano ya sekondari ya FIRST haipewi roboti iliyokusanya pointi nyingi. Inaitwa FIRST Impact Award, na kabla ya msimu wa 2023 ilijulikana kama Chairman's Award. Timu huandika maelezo ya kazi zake katika jamii, halafu wanafunzi wenyewe husimama mbele ya majaji na kujibu maswali. Timu inayoshinda tuzo hii kwenye mashindano ya kanda hupata nafasi ya kwenda fainali za dunia hata kama roboti yake ilimaliza katikati ya msimamo. Inayoshinda kwenye fainali huingizwa katika orodha ya heshima ya timu za FIRST. Kanuni ya namna hii inabadilisha mipango ya mwaka mzima, kwa sababu timu hailazimiki kusubiri Januari, mchezo mpya unapotangazwa, ndipo ianze kazi yenye thamani.

Kazi zenyewe ni za aina nyingi. Ya kawaida kabisa ni maonyesho: timu inapeleka roboti yake maktabani, kwenye tamasha au shule ya msingi, watoto wanaiona ikitembea, wanashika rimoti, wanauliza. Maonyesho hufungua macho, na kwa mtoto ambaye hajawahi kuona kitu cha namna hiyo hilo si jambo dogo. Lakini ni mwanzo tu.

Hatua inayofuata ni malezi. FIRST ilianzisha mwaka 1998, kwa kushirikiana na kampuni ya LEGO, mashindano ya watoto wadogo wanaotumia roboti za vipande vya kuunganisha. Timu nyingi za sekondari huchukua timu moja au mbili za watoto hao na kwenda nao msimu wote: kila wiki wanakutana, wanaeleza gia, wanaonyesha jinsi kihisi kinavyotambua mstari mweusi sakafuni, wanavumilia roboti iliyogeuka kushoto badala ya kulia. Faida inakwenda pande zote mbili. Mtoto anapata mtu wa kumwangalia ambaye si mzee sana kwake, na yule wa sekondari anagundua haraka kile asichokielewa vizuri. Ukitaka kujua kama mwanafunzi ameelewa uwiano wa gia, mwache aufafanue kwa mtoto wa miaka 10. Isitoshe, timu ya sekondari hupoteza wanafunzi wake wazoefu kila mwaka wanapohitimu. Watoto waliolelewa leo ndio watakaoshika bisibisi baada ya miaka michache.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule wa magari ya kuchezea. Mpango wa GoBabyGo ulianzishwa na Cole Galloway alipokuwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani. Watoto wadogo hujifunza mengi kwa kujisogeza wenyewe: kukifuata kitu, kumfuata mtu, kwenda mahali na kurudi. Mtoto ambaye viungo vyake havimruhusu kutambaa wala kutembea anakosa hayo yote, na viti vya magurudumu vya umeme kwa umri wake ni adimu na ghali. Suluhisho lilikuwa kuchukua gari la kuchezea la betri, lile ambalo mtoto hukaa ndani na kuliendesha, na kulirekebisha. Pedali ya mguu inaondolewa, badala yake kinafungwa kitufe kikubwa mbele ya mtoto ambacho anaweza kukibonyeza kwa mkono. Kiti kinaongezewa fremu ya mabomba ya plastiki na sponji ili mgongo na kichwa vishikiliwe.

Timu nyingi za roboti zimeingia katika kazi hii, na sababu iko wazi: nyaya, swichi, betri na mota ndivyo vitu wanavyovishika kila siku. Kinachoongezeka ni kumsikiliza mtu. Roboti ya mashindano haina mama anayekueleza kwamba mtoto wake huchoka upande wa kulia, wala mtaalamu wa fiziotherapia anayekuambia kitufe kikae wapi ili mkono ufanye mazoezi unayohitaji. Wanafunzi wanajifunza kupima, kuuliza, kubomoa walichodhani kimekamilika na kukijenga upya kumfuata mtumiaji. Sijui somo lolote la darasani linalofundisha uhandisi vizuri zaidi ya hilo.

Mwaka 2020 ulitoa mfano mwingine. Ugonjwa wa korona ulipofunga shule, timu zenye printa za 3D ziligeuza karakana zao kuwa mahali pa kutengeneza ngao za uso kwa ajili ya wahudumu wa afya. Katika mji wa Herat, Afghanistan, timu ya roboti ya wasichana ilianza kuunda mashine ya kusaidia kupumua kwa kutumia, pamoja na vitu vingine, mota ya gari la Toyota Corolla na mnyororo wa pikipiki ya Honda. Ilikusudiwa kutumika kwa dharura, pale ambapo mashine ya kawaida haipatikani. Timu hiyo ndiyo iliyovuma mwaka 2017, wasichana wake walipokataliwa viza mara mbili kabla ya kuruhusiwa kuingia Marekani kwa mashindano ya FIRST Global mjini Washington. Miaka mitatu baadaye waliutumia ujuzi uleule kwa ajili ya watu wa kwao.

Si kila kinachoitwa ushiriki kinastahili jina hilo. Hatari kubwa ni kuhesabu vichwa. Timu inasimamisha roboti kwenye tamasha lenye umati, kisha inaandika kwamba imewafikia watu wote waliopita hapo. Kwa ajili hiyo FIRST imeandika fasili za maneno ambayo timu inaruhusiwa kuyatumia mbele ya majaji: kuanzisha timu ni jambo moja, kuilea ni jingine, kuisaidia mara moja ni jingine, na kuwafikia watu ni jingine kabisa. Kulea kunadai mawasiliano ya mara kwa mara, na timu inatarajiwa kuwa na ushahidi wa inachodai. Naona utaratibu huu ni wa haki, maana unawalinda wale wanaofanya kazi ya kimyakimya dhidi ya wenye mabango makubwa. Hatari nyingine ni watu wazima kuinyakua kazi: mshauri anapanga, mzazi anaandika, wanafunzi wanapigwa picha. Majaji huwahoji wanafunzi, na kasoro hiyo hujitokeza mapema.

Kwa timu inayoanza, ushauri wangu ni kuchagua kundi moja na kukaa nalo. Iulize shule ya msingi iliyo karibu inahitaji nini kabla ya kuamua mtapeleka nini. Huenda wanataka msaada wa hesabu kuliko maonyesho ya roboti. Pangeni siku moja isiyobadilika, wekeni wanafunzi wawili kwa kila zamu ili mmoja akikosekana watoto wasikae bure, na msisahau miwani ya kinga mnapobeba vifaa vya kukata. Andikeni kila kipindi kilivyokwenda, mazoezi yaliyofanya kazi na yaliyoshindikana, kwenye daftari au faili ambalo kila mwanatimu anaweza kulifungua. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakabidhi faili hilo, pamoja na majina ya walimu wa kuwasiliana nao, kabla ya msimu wa mashindano kuanza, kwa sababu ukishaanza hakuna atakayepata nafasi ya kukaa chini na kueleza.