Kazualti sio maiti: hesabu ya Iwo Jima inayokosewa kila Februari

Kila ikifika Februari 19, siku yalipoanza mapigano ya Wamarekani na Wajapani kwenye kisiwa cha Iwo Jima mwaka 1945, ile picha ya askari sita wanasimamisha bendera kilimani inaanza kuzunguka, na chini yake hukosi kapsheni ya "leo tunawakumbuka Wamarekani 26,000 waliokufa Iwo Jima". Watu wanashea. Anatokea mwingine anasema hapana bwana ni 28,000, wanaanza kubishana nani kasoma wapi, wanatukanana kidogo, na wote wawili wamekosea kitu kilekile. Wamarekani waliokufa pale ni 6,821. Hizo 26,000 na 28,000 ni kazualti, na kazualti sio lazima awe maiti. (Bendera yenyewe ilisimamishwa Februari 23 sio 19, ila hilo tuliache kwanza.)

Maana yake haina ugumu. Kazualti kijeshi ni askari aliyetoka kwenye hesabu ya wanaoweza kupigana kwa sababu ya vita: kafa, kajeruhiwa, katekwa, au hajulikani alipo. Basi. Kamanda jioni anataka kujua kesho alfajiri ana watu wangapi wa kusimama, hayo mengine ni kazi ya watu wengine. Kocha akisema mechi ya Jumamosi anawakosa watano hakuna anayekwenda kuweka matanga, mmoja kifundo cha mguu kimevimba, mwingine ana kadi nyekundu, wote hawapo uwanjani na hesabu yake ni hiyo tano.

Neno lilikotoka linasaidia kuelewa kwanini linawachanganya watu. Mzizi wake ni wa Kilatini, casus, ambayo ni kuanguka, na pia jambo lililomwangukia mtu bila kupangwa. Waingereza wakaanza kulitumia kwa bahati mbaya na ajali, jeshini likawa ndio upungufu wa watu kwenye orodha, yaani jana walikuwa mia leo ni themanini, ishirini ni kazualti, na muda mrefu sana lilikuwa linataja ule upungufu tu kabla halijaanza kumtaja mtu mmoja mmoja. Kwahiyo tangu zamani ni neno la karani mwenye daftari, halina msiba ndani yake. Ndugu zangu wa Kenya ndio siwaelewi kabisa kwenye hili, maana hospitali kwao wana kazualti, mtu kaanguka na boda anapelekwa kazualti anashonwa anarudi nyumbani, hakuna anayeanza kuchangisha pesa za jeneza. Lakini mtu huyohuyo akikutana na neno hilohilo kwenye habari za vita anawazika wote.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo panaponikera zaidi. Iwo Jima ni kisiwa kidogo, wakati ule kilikuwa kama kilomita za mraba 21, kipo kama kilomita 1,200 kusini mwa Tokyo, kinanuka salfa (jina lenyewe ni kisiwa cha salfa), ufukwe wake ni mchanga mweusi wa volkano ambao buti linazama mpaka kwenye kifundo, na kusini kabisa kuna mlima Suribachi. Mwaka 1945 Wamarekani walishusha pale divisheni tatu za marini (askari wa Marekani wa kushambulia nchi kavu kutokea baharini), ya 3, ya 4 na ya 5, wakapigana kuanzia Februari 19 mpaka Machi 26. Daftari la marini linasema hivi: waliouawa hapohapo 4,554, waliokufa baadaye kwa majeraha 1,331, waliopotea wakahesabiwa wamekufa 46. Jumla 5,931. Weka na 881 wa jeshi la majini na 9 wa jeshi la nchi kavu unapata zile 6,821. Waliojeruhiwa wa majeshi yote matatu ni 19,217. Jumlisha, unapata 26,038. Hiyo ndio 26,000 ya watu wa kapsheni.

Na 28,000 je? Hii watu wengi hawaijui na ni tamu. Kuna marini 2,648 ambao daftari limewaandika chini ya "uchovu wa vita", watu ambao hawakutobolewa na risasi lakini akili ilikataa, mtu anatetemeka haachi, au anakaa tu haongei, wiki ya tatu ya kulala shimoni na mizinga juu ya kichwa. Ukiwaongeza hao unapata 28,686. Kwahiyo wale wawili wanaotukanana kwenye komenti kumbe ugomvi wao sio idadi ya wafu kabisa, ugomvi wao ni kama mtu aliyevurugika akili vitani ahesabiwe au asihesabiwe. Swali zuri sana hilo, jeshi lenyewe halikuwa na jibu moja, ndio maana kuna jumla mbili. Ila wao hawajui kama ndicho wanachobishania.

Angalia na hiyo 1,331. Hao walianza kama majeruhi, wakabebwa kwa machela kupita kwenye mchanga ule, wengine wakafika hadi kwenye meli za hospitali zilizokuwa zinasubiri nje, Samaritan na Solace, wengine walipakiwa ndege kwenda Guam, na huko wakafa, karani akawahamisha kutoka safu moja kwenda nyingine. Safu hazijakaa kimya, watu wanahama. Tena wapo waliojeruhiwa wakafungwa bandeji wakarudi mstarini, nao ni kazualti, na unakuta mtu anaandika kuwa walikufa.

Haya, kuna sentensi moja inarudiwa kila mwaka na ndiyo iliyonifanya niandike: kwamba Iwo Jima ni mapigano pekee ya marini kwenye Pasifiki ambapo Wamarekani "walipoteza watu wengi kuliko Wajapani". Kama kupoteza ni kazualti, sawa, 26,000 ni zaidi ya Wajapani wote waliokuwepo kisiwani, ambao walikuwa kama 21,000. Lakini msomaji wa Kiswahili akisikia umepoteza watu anaelewa wamekufa, na hapo imegeuka kuwa uongo kabisa, maana Wajapani waliokufa ni karibu mara tatu ya Wamarekani. Waliotekwa hai wakati wa mapigano ni mia mbili na kitu. Waliobaki karibu wote walikufa, na hesabu ya chini kabisa inakaribia 18,000.

Kwanini upande mmoja una majeruhi elfu kumi na tisa na upande wa pili safu ya majeruhi haipo? Ni kwa sababu majeruhi anakuwa majeruhi pale anapokuwepo mtu wa kumtoa. Marini alikuwa na mwuguzi wa jeshi la majini anatambaa naye, ana plazma (majimaji ya damu), ana damu iliyosafirishwa kutoka Marekani ikiwa kwenye barafu, na kuanzia Machi 6 ana ndege yenye nesi ndani inatua kiwanjani huku kaskazini wanaendelea kupigana. Askari wa Jenerali Tadamichi Kuribayashi, kamanda wa Wajapani kisiwani, alikuwa na handaki. Walichimba kilomita kama 18 za mahandaki chini ya kisiwa kile, joto la volkano linawachoma, maji ya kunywa ni ya mvua waliyokinga, na amri aliyowapa ilikuwa kila mmoja aue kumi kabla hajafa. Aliyejeruhiwa mle hakuwa na pa kupelekwa, alikufa hapohapo, au alijilipua kwa bomu la mkono. Kwahiyo ukiweka "kazualti 26,000" na "kazualti 20,000" pembeni kwa pembeni kama matokeo ya mpira unakuwa umelinganisha vitu viwili visivyofanana hata kidogo, upande mmoja wengi wao walizeeka wakaona wajukuu.

Kuna na wale wasiokaa vizuri kwenye safu yoyote. Wajapani wawili walikaa mapangoni wakiiba chakula cha Wamarekani mpaka Januari 1949, karibu miaka minne, ndio wakajisalimisha. Kuribayashi mwenyewe mwili wake haukutambuliwa mpaka leo. Na zaidi ya askari elfu kumi wa Japani mabaki yao bado yapo chini ya kisiwa hicho, kila mwaka kuna timu zinakwenda kuchimba. Wananchi wa kisiwa, ambao walikuwa kama elfu moja, waliondolewa 1944 na hawajaruhusiwa kurudi kuishi hata baada ya Marekani kukirudisha kisiwa kwa Japani mwaka 1968, sasa ni kambi ya jeshi tu. Hao wananchi ni kazualti? Kwa maana ya kijeshi hapana. Ndio uone neno lenyewe lilivyo jembamba, linahesabu askari wa kupanga mstari kesho na halijali kingine.

Na hii ndio sababu nasema kwenye kumbukumbu neno hili halifai kuwa sentensi ya kwanza. Wenyewe waliopigana waliliona hilo. Februari 1985, miaka 40 imetimia, wazee wa pande zote mbili walikutana ufukweni pale, wakazindua jiwe la kumbukumbu lenye nyuso mbili, maandishi ya Kiingereza yanaangalia baharini walikotokea Wamarekani, ya Kijapani yanaangalia ndani ya kisiwa walikokuwa Wajapani. Maandishi yake yanaongelea kukutana tena kwenye mchanga uleule, safari hii kwa amani na urafiki. Baadaye ikawa ibada ya kila mwaka, na ile ya miaka 80, Machi 29, 2025, alikuwepo waziri mkuu wa Japani Shigeru Ishiba na waziri wa ulinzi wa Marekani Pete Hegseth. Inafanyika Machi, mwisho wa mapigano, wakati huku mtandaoni watu wameshamaliza kuposti tangu Februari.

Kuna na namba nyingine imezaliwa na ugonjwa huohuo, nayo ni kwamba kisiwa "kiliokoa maisha ya wanajeshi wa ndege 24,761". Imepatikanaje? Ndege kubwa za mabomu za Marekani, B-29, zilitua pale mara 2,251, kila moja ina watu 11, zidisha. Sasa ndege nyingine zilitua kuongeza mafuta tu, nyingine zilikuwa mazoezini, lakini kila kutua kumehesabiwa kama watu 11 wamefufuka. Huku wanawaua waliojeruhiwa, kule wanawaokoa ambao hawakuwa wanazama. Jamani.

Na hiyo picha ya bendera, kwa kuwa tumeanza nayo. Ilipigwa siku ya tano na mapigano yakaendelea mwezi mzima mbele, na kati ya wale sita watatu hawakutoka kisiwani: Michael Strank na Harlon Block waliuawa Machi 1, Franklin Sousley Machi 21. Kwahiyo ukitaka picha inayowakumbuka waliokufa upo sahihi kabisa, ni namba ya chini yake tu ndio irekebishwe. Februari ijayo andika "Wamarekani 6,821 waliokufa na 19,217 waliojeruhiwa", na kama nafasi ya kapsheni inatosha weka na Wajapani kama elfu kumi na nane na zaidi, ambao pia walikuwa na mama zao. Akija mtu kwenye komenti na 28,000 yake usimtukane, muulize tu kama amewahesabu wale 2,648.