Milingoti Iliyobaki Majini

Watu huniletea picha za zamani za Unguja na swali moja: hii ya mwaka gani? Nyingi hazina tarehe. Nyuma pameandikwa "Zanzibar" basi, au hapana kitu. Mimi huanza na bahari. Nikishika picha ya Forodhani iliyopigwa kuelekea majini, kwanza natafuta milingoti inayochomoza baharini bila ya meli chini yake.

Hiyo ni Glasgow, meli ya Sultani iliyoundwa mwaka 1878, zama za Sayyid Barghash. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Kiingereza zilifungua mizinga juu ya kasri alimokuwamo Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani bila ya ridhaa ya Waingereza, na kabla saa moja haijatimia mambo yalikwisha. Glasgow ilijibu mapigo, ikapigwa, ikazama palepale bandarini. Kwa kuwa kina hakikuwa kikubwa, milingoti yake mitatu na dohani lake vilibaki juu ya maji, na mabaki hayakuondolewa mpaka 1912. Miaka 16! Kuna watu wa Shangani na Malindi waliozaliwa, wakakua, wakaanza kuvua samaki, na milingoti ile iko mbele ya macho yao kila asubuhi.

Baada ya bahari natazama mnara. Kabla ya vita vile mnara wa taa ulisimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani, mrefu, ukionekana na majahazi kutoka mbali. Mizinga iliuharibu. Mnara wa saa uliokuja baadaye uliunganishwa na jumba lenyewe, usoni mwake. Kwa hiyo mnara ukiwa peke yake, picha ni ya kabla ya Agosti 1896. Ukiwa umeshikana na jumba na milingoti ingali majini, tuko kati ya mwisho wa karne ile na 1912. Mnara uko jumbani na bahari ni tupu? Sogea mbele zaidi.

Postikadi ndiyo inayodanganya watu. Mtu huona muhuri wa posta wa 1913, akasema picha ni ya 1913. Muhuri unasema kadi ilitumwa lini, hausemi kamera ilifunguliwa lini, na studio zilichapa kutoka kwenye kioo kilekile cha negativu, yaani kile kilichonasa picha ndani ya kamera, miaka nenda miaka rudi. Ninayo moja ya Forodhani yenye muhuri wa 1920, na Glasgow bado imesimamisha milingoti yake. Geuza kadi utazame mgongo. Ukiwa wote ni wa anwani, na salamu zimebanwa mbele pembeni mwa picha, huo ni mtindo wa kale. Uingereza iliruhusu mgongo ugawanywe, salamu upande mmoja na anwani upande wa pili, mwaka 1902. Ujerumani iliruhusu 1905, na hilo linasaidia sana kwa kadi za Dar es Salaam na Tanga za wakati wa Wajerumani.

Wapiga picha wakubwa wa mji walikuwa Wagoa: A. C. Gomes na wanawe, na ndugu wa Coutinho. Waliwapiga picha masultani na mabalozi studioni, kisha wakatoka na kamera zao za miguu mitatu kwenda sokoni, pwani na mashambani, maana abiria wa meli walitaka kitu cha kupeleka kwao. Ndiyo sababu picha za karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi tunazo tele, na za ndani ya nyumba za Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe, hazipatikani. Ile namba nyeupe unayoiona chini pembeni iliandikwa kwa wino juu ya kioo, kinyumenyume, na wino ukazuia mwanga. Mtu aliketi akaandika hivyo kwa kila kioo. Mimi namba hizo huzisoma kwa heshima.

Sasa njoo kwenye picha ninayoipenda kuliko zote nilizonazo: ujenzi wa reli ya Bububu. Reli hiyo ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, ikafunguliwa 1905, kiasi cha maili 7 kutoka karibu na Ngome Kongwe, kupitia Malindi, kuelekea kaskazini. (Jina Bububu halikutokana na mlio wa treni, ingawa nimelisikia hilo tangu utotoni. Bibi Salme, binti Sayyid Said, anapataja mahali hapo kwa jina hilohilo katika kumbukumbu zake zilizochapwa 1886.)

Maelezo chini ya picha yanataja reli tu. Katikati amesimama msimamizi mwenye kofia ya jua, kila kifungo cha koti lake kinahesabika. Waliomzunguka ni kama moshi. Kamera ile ilihitaji utulivu, na aliyetulia ni yule ambaye kazi yake ilikuwa kutazama. Aliyeinama, aliyenyanyua, aliyepiga jembe, kioo kilimshika nusunusu. Ukijua hivyo, ukungu kwenye picha za kazi hutautazama tena kama kasoro. Ukungu ndio kazi yenyewe.

Mombasa nako ni vilevile. Mpaka miaka ya 1920 watu wenye vyeo walisafiri mjini kwa vigari vidogo juu ya reli nyembamba, vyenye paa la turubai, vikisukumwa na watu mbio, kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Maelezo ya picha humtaja aliyeketi. Miaka kadhaa nyuma nilipeleka albamu moja mahali fulani ikaskaniwe, na aliyeifanya kazi hiyo alikata kingo zote ili picha "zipendeze". Katika picha ya kigari zilibaki ncha za vidole juu ya mbao. Wasukumaji wenyewe walikwenda na ukingo. Bahati nzuri albamu ilirudi salama. Ukiwa na picha za bibi na babu, nakusihi: skani karatasi nzima, ukingo hadi ukingo, na mgongo wake pia, hata ukiwa na madoa.

Ile ya Bububu nimeirudia wiki hii kwa lenzi. Nimehesabu wanaume 11 katika huo moshi. Mmoja, kushoto kabisa, karibu na pale ambapo mkasi ungepita, ametulia. Amejitwika karai la udongo, chini yake kata ya nguo, mkono mmoja umelishika na mwingine umeshikilia pindo la shuka. Anaitazama kamera moja kwa moja, na tone la udongo limeganda juu ya nyusi yake ya kulia.