"Yeye ndiye aliyeanza" haitoshi

Kuanzia Masasi hadi Kilwa, watu wakigombania mpaka wa mikorosho husikika kauli ile ile: aliyepigwa kwanza anaruhusiwa kurudisha apendavyo. Si kweli, na imewaponza wengi.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, vifungu vya 18 hadi 18C, inakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwenzako na kulinda mali, lakini kwa nguvu ya kadiri inayohitajika tu. Mtu amekupiga kofi? Msukume, mshike mikono, ondoka. Ukimkata panga, kosa ni lako. Akifa kwa nguvu iliyopita kiasi, ni kuua bila kukusudia, na adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha.

Hatari ikiisha, haki nayo inaisha. Hapa ndipo wengi hukosea: mshambuliaji ameangusha rungu, anakimbia, nao wanamfukuza. Huko ni kulipiza kisasi.

Anayekuja na panga ni jambo jingine. Ukiamini kwa sababu za msingi kwamba atakuua, sheria inakulinda hata akifa.

Ukijeruhiwa, pitia polisi uchukue PF3, fomu ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha, mapema, kabla kidonda hakijapona.