Namba za kweli tupu na bado ukadanganyika

Watu wakisikia takwimu zimedanganya wanajua tu kuna mtu kapika data. Mimi ni mtakwimu na zinazonisumbua zaidi ni zile ambazo hakuna aliyezipika, zimehesabiwa vizuri kabisa ila zimejumlisha watu wasiofanana.

Chukua utafiti wa mawe kwenye figo uliotoka 1986 kwenye jarida la British Medical Journal la Uingereza. Walikuwa wanalinganisha upasuaji wa kawaida na njia ambayo enzi hizo ilikuwa mpya, ya kutoboa tundu dogo mgongoni na kulitolea jiwe hapo. Kila njia wagonjwa 350. Waliopasuliwa walifanikiwa 273 yaani asilimia 78, wa tundu 289, karibu asilimia 83. Hapo kila mtu anasema basi tundu ndo bora, na kichwa cha habari kishapatikana.

Sasa watenganishe kwa ukubwa wa jiwe. Mawe madogo, chini ya sentimita 2, upasuaji ulifanikiwa kwa 81 kati ya 87 (asilimia 93), tundu 234 kati ya 270 (asilimia 87). Mawe makubwa upasuaji 192 kati ya 263 (asilimia 73), tundu 55 kati ya 80 (asilimia 69). Yaani upasuaji unaongoza kwenye madogo, unaongoza na kwenye makubwa, halafu ukijumlisha unashindwa! Piga hesabu mwenyewe kwa kalkuleta, inatoka hivohivo.

Sababu ni kwamba waliopasuliwa wengi walikuwa na mawe makubwa, 263 kati ya 350, wakati wa tundu ni 80 tu, na jiwe kubwa ni gumu kulimaliza kwa njia yoyote ile. Kwahiyo ile asilimia ya jumla ilikuwa inapima nani alipewa kesi ngumu. Ndo maana nakereka mtu akilinganisha vifo vya hospitali ya rufaa na vya zahanati, au ufaulu wa shule inayochuja watoto kwa mtihani wa kuingia na shule ya kata inayopokea kila mtoto, bila kuuliza kwanza nani aliingia wapi.

Ila usianze kugawanya kila kitu. Ukubwa wa jiwe ulikuwepo kabla ya matibabu, hiyo ni halali. Ukigawanya kwa kitu kilichotokea baadae, mfano siku alizolazwa, unaweza ukaficha faida yenyewe unayoitafuta.

Na hata hapo sisemi upasuaji umeshinda moja kwa moja, kwasababu wagonjwa hawakupangiwa njia kwa bahati nasibu na makundi mengine ni madogo. Kwenye mawe makubwa, wale 80 wa tundu wangefanikiwa wanne zaidi tu, asilimia yao ingeupita upasuaji.