Neno kuyeyusha na mengine yanayotuchanganya katika kazi ya chuma

Katika uhandisi wa metali, neno ninalolikuta limetumiwa ovyo kuliko yote ni kuyeyusha, kwa kuwa tumelibebesha shughuli mbili zisizofanana. Kipande cha shaba nyekundu kikipashwa moto hadi nyuzi 1,085 za Selsiasi huwa majimaji, na kikipoa hurudi kuwa shaba ileile. Mbale ya chuma, yaani jiwe lenye chuma cha kutosha kustahili kuchimbwa, haiko hivyo. Humo chuma kimeshikamana na oksijeni, na moto peke yake hautoshi kuvitenganisha. Sharti makaa yaungue tanurini na kutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo huipokonya mbale oksijeni yake na kukiacha chuma. Huo ni mgeuko wa kikemia, na kuuita kuyeyusha ni kuficha kiini chake.

Tanuri za udongo zilizopulizwa kwa mivukuto zinalidhihirisha jambo hili vizuri. Joto lake lilikuwa kama nyuzi 1,200 hivi, ilhali chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Chuma hakikuyeyuka hata kidogo, bali kilibaki donge lenye vitundu, na kilichotiririka kilikuwa mavi ya chuma. Najua wapo waandishi wanaoliona jina hilo halina adabu, wakaandika takataka badala yake, lakini mimi nalitetea: takataka ni kitu chochote kisichotakiwa, ilhali mavi ya chuma ni kitu mahususi, mchanganyiko wa silika ya jiwe, yaani madini yaliyomo pia katika mchanga, na sehemu ya oksidi ya chuma iliyokataa kugeuka.

Kufua, yaani kukiunda chuma kwa kukigonga, na kusubu, yaani kukimimina kikiwa majimaji, hayasumbui sana, mradi tukumbuke kwamba chuma chenye kaboni inayozidi takriban asilimia 2 hupasuka kikigongwa juu ya fuawe, na kwa hiyo humiminwa katika kalibu.

Penye utata mkubwa ni kutia matiko. Chuma cha pua, yaani chenye kaboni chini ya kiasi hicho, hupashwa moto hadi kiwe chekundu, kisha hutumbukizwa ghafla katika maji au mafuta; hapo huwa kigumu mno, lakini pia hukatika upesi kama kioo. Ndipo hupashwa tena kwa joto dogo ili kupunguza udhaifu huo, na ugumu kidogo hupotea. Wengi huziita hatua zote mbili matiko, ingawa ya pili hutengua sehemu ya kazi ya kwanza. Mimi huiita ya kwanza kutia matiko na ya pili kulegeza matiko, kwa sababu fundi anayeambiwa neno moja tu anaweza kuishia kwenye hatua ya kwanza, na patasi yake ikamegeka kwa pigo la kwanza. Katika kulegeza, rangi ya utando unaojitokeza juu ya chuma kilichosuguliwa ndiyo humwongoza: manjano hafifu, karibu nyuzi 220, kwa wembe; buluu, karibu nyuzi 300, kwa springi.